Sakafu Niliyoimwaga Mwenyewe

Bi Somoe wa Langoni aliniita Jumatatu.
Nikaenda na mwiko na timazi, kama ada.
Akacheka. "Virudishe hivyo. Lete sururu."

Kiwanda chake, ule ua wa ndani, nakijua kwa nyayo.
Miaka kumi na tisa nyuma, mumewe akiwa hai,
nilikimwagia saruji, mifuko ishirini na miwili,
nikakilainisha kwa ubao hadi kikang'ara
mtu akaweza kujitazama kama kwenye sinia.
"Matope basi," alisema mzee Famau,
akanilipa, akaniongezea na kikoi.
Usafi ndio ulikuwa huo: udongo usionekane.
Katikati palikuwa na mkomamanga.
Niliukata mimi. Hakuna aliyeniuliza mara mbili.

Baada ya hapo mtaa mzima ukanitaka:
kwa Shekuwe, kwa Mwanatumu mshona kofia,
hata gofu la nyuma ya msikiti, lililokuwa na majani tu,
nikalisakafia, likawa pa kuwekea pikipiki.
Nyumba yangu ya Wiyoni imesimama juu ya viwanda vya watu.

Sasa jua huingia asubuhi na halitoki.
Hukaa chini pale, mgeni asiyejua kuaga.
Saa nne ya usiku sakafu bado inachoma,
mjukuu analala juu ya kanga iliyoloweshwa
na vipele vimemjaa mgongo.
Na mvua siku hizi haidondoki, inadai.
Huja yote kwa siku moja, kama deni lililoiva,
ikatafuta pa kuzama, isipate,
ikatoka mlangoni na viatu vya watu,
punda akasimama kichochoroni, maji magotini, hasogei.
Na kisima, hatua nne tu kutoka hapo, kina kiu.
Bahari imekipitia kwa chini.
"Tulikuwa tukiyanywa haya," Bi Somoe akaniambia.
"Leo hata sabuni inayakataa."

Nikapiga. Sururu ikaruka.
Nilikuwa fundi mzuri, hiyo ndiyo taabu.
Siku tatu nilishindana na kijana yule,
aliyekoroga kwa kipimo na hakuiba mfuko,
na kila kipande kilichobanduka
kilikuwa na alama ya ubao wangu.

Alasiri ya tatu, kando ya ukuta: udongo.
Mkavu, umejikunja.
Bi Somoe akauchota, akaunusa, hakusema kitu.
Kisha tukakuta kisiki cha mkomamanga.
Usidhani kilikuwa kimechipua.
Kilikuwa kimekufa, kufa kabisa,
nikakitoa kwa mkono mmoja.

Tukachimba shimo la kunywea maji,
tukalijaza mabonge ya saruji ileile.
Samadi ya punda ilitoka kwa Lali, bure, kwa magunia.
Mdimu, mkilua, mrehani wa kando,
na mche wa komamanga, mrefu kama kidole.
Watu wa kaunti nao walipanda miti themanini ufukoni.
Mbuzi walikula yote.
Bango ndilo lililoshika mizizi.

Masika ilipopiga nilikwenda kusimama pale, sikuitwa.
Maji yalishuka kutoka darini kwa kishindo,
yakazunguka, yakasitasita kwenye mdimu,
yakanyamaza.
Sijawahi kusikia ukimya wa namna ile katika kazi yangu.
Bi Somoe akanitekea kata moja kisimani.
"Chumvi imepungua?"
Nikaonja. Chumvi.
"Kidogo," nikasema,
maana kidogo si uongo.

Jana Mwanatumu ameniuliza bei ya kuvunja.
Nikamtajia ileile ya kumwaga.
"Kosa moja," akasema, uzi ungali mdomoni,
"ulipwe mara mbili?"
Nimepunguza nusu.

Usiku nimerudi Wiyoni.
Ua wangu ni saruji, ukuta hadi ukuta.
Nimeiegemeza sururu mlangoni.
Mke wangu ameitazama, akanitazama mimi,
akaondoa ndoo zake katikati.