Maeneo Machache

Saa mbili kasorobo, baada ya bei ya pamba na matokeo ya mpira,
msomaji aliishuka mikoa kama anayeshuka ngazi gizani:
Kagera, Geita, Mwanza, Simiyu, Mara,
"mvua na ngurumo katika maeneo machache,
na vipindi vya jua."
Joto nalo litapanda, nyuzi thelathini na moja.
Kisha tangazo la mabati.

Nikajiuliza, kama kila vuli ninavyojiuliza:
maeneo machache ndiyo wapi?
Yana mwenyekiti? Yana mhuri?
Sisi wa Igombe tumo humo, au tumo kwenye vipindi?

Maana alfajiri ninapokea plastiki kumi na nne za dagaa
kwa fedha ya kikundi, na kikundi hakijui mawingu.

Simu ikalia. Kabula, kutoka Misungwi,
dada yangu aliyezaliwa usiku mvua ikibomoa choo cha baba,
wakampa jina la mvua yenyewe.
Mimi nilikuja mchana, saa sita kavu, nikaitwa Limi,
jua.
Mama hakuhangaika na majina, alitupa yaliyokuwepo nje.

"Umesikia? Msimu huu juu ya wastani!
Trekta nimeshalipa nusu."
Nikaitikia amina, amina ya nusu mdomo,
na kwa siri nikamwomba Mungu aangalie ramani vizuri:
anyeshe Misungwi,
aanike Igombe.

Asubuhi jua lilitoka likiwa limeshaiva.
Nikamwaga dagaa juu ya nyavu kuukuu,
nikawatandaza kwa fagio la chelewa
mpaka mchanga wote ukawa fedha.
Kufikia saa nne jiwe la kukalia halikaliki.
Visubi walisimamisha nguzo ziwani, nyeusi, kama moshi
wa mtu anayepika chini ya maji.

Saa nane upepo ukageuka, ukanuka chuma.
Kutoka upande wa Ukerewe likaja,
likiburuta pindo lake majini, bila haraka,
kama mdai anayejua uko nyumbani.

Tuliokoa plastiki tano.
Tisa zilirudi kuogelea.

Mabeyo wa chakula cha kuku alifika kabla maji hayajatulia,
mwavuli mkononi, bei mfukoni.
Sikubishana. Kuku nao wanakula.

Jioni ilikuwa bado inanyesha, sasa polepole,
mvua ya kukaa. Nikampigia.
"Huko?"
"Vumbi," alisema. "Wingu lilisimama juu ya shamba la Ngeleja,
likatutazama, likaenda zake.
Kwenu?"

Ningeweza kumwambia idadi.
Nilisema tu: "Kwetu ndiyo maeneo machache."

Akanyamaza. Hakunipa pole,
nami sikujua pole yake ningeianzia wapi.
Halafu akauliza, kwa sauti ya zamani,
ya kitanda kimoja na shuka moja:
"Bado inanyesha hapo ulipo?"

Nikafungua dirisha, nikautoa mkono wenye simu,
nikauinua karibu na bati.
Upande wa pili nikamsikia akiwanyamazisha watoto.

Kifurushi kilikuwa kimebaki dakika saba.
Zote tukaziacha zinyeshe.