Mbegu Namba 40717

Diski hii haipo.
Ukiitafuta mezani utakuta kikombe, waya wa chaji,
na ngozi nyembamba za korosho
anazopukusa Chilumba kwa kidole gumba
akidhani sioni.

Nimeiumba kwa mistari mia tisa ya msimbo,
nikaipa ukubwa, nikaipa mwendo wa uvivu,
kisha nikaifundisha mabaya:
kusema "nimeandika" na haijaandika,
kupokea kilo mia tatu na kumi na mbili
na kurudisha mia tatu na kumi na nne,
kuweka ya Mkwiti kwenye ukurasa wa Kitangari,
kunyamaza katikati ya neno
kama mtu aliyeitwa nje.

Chilumba anauliza: mwongo wa nini
ndani ya ofisi ya ushirika?

Kwa sababu wa kweli alikuja bila kupiga hodi.
Msimu wa juzi, usiku wa kuamkia mnada,
ukungu wa Newala umelalia mabati,
umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika,
na mara ya tatu diski ikagota, ikagota,
ikatulia.
Asubuhi magunia yalikuwepo ghalani, unayagusa.
Majina ndiyo hayakuwepo.

Bi Somoe Nampunju alisimama dirishani
na stakabadhi iliyofifia kwa jasho la pindo la kanga.
Hakupiga kelele. Alisema tu:
"Mwanangu, gunia langu nalijua kwa mshono."
Tukaingia naye, tukapindua, tukapindua,
mpaka saa nane akauona uzi wake wa bluu.
Wengine mia moja na arobaini
hawakuwa wameshona kwa uzi wa bluu.

Basi sasa nalea uongo.
Kila usiku programu inaishi misimu elfu nne,
mizani inapima, karani anaingiza,
umeme unakatika pale nilipoamua mimi,
na hakuna mtu anayesimama dirishani.
Kila msimu una mbegu yake, namba tu.
Ipande namba ileile, yataota maafa yaleyale,
sekunde kwa sekunde, jani kwa jani.
Msiba wa kweli hauna adabu hiyo.
Huwezi kuuambia: rudi, njoo tena vilevile,
polepole, nione ulipokanyaga.

40717 ndiyo iliyoniliza kwa hasira.
Diski mbili, nakala mbili.
Moja imeoza biti moja, nyingine nzima.
Programu yangu ikaona tofauti, ikaingiwa na huruma,
ikachukua kilichooza
ikakinakili juu ya kilicho kizima,
ikaandika kwenye kumbukumbu: *Imetengemaa.*
Nakala zote mbili zikakubaliana,
na zote mbili zilikuwa zimekosea.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo,
sokoni, kwenye foleni ya maji, kitandani.
Nikalikuta limejikunyata kwenye mstari mmoja:
nilikuwa nakagua baada ya kunakili.
Baada.

Chilumba, aliyetiwa jando huko Kitangari,
akacheka mpaka akaweka korosho chini.
"Kumbe hili ni lipiko!
Tulikimbia sura ya mti,
nyuma yake alikuwemo mjomba wangu
aliyenidai shilingi mia."
Nikamwambia ndiyo,
lakini mbio zilikuwa za kweli.
Akanyamaza. Akazisogeza korosho upande wangu.

Leo 40717 imepita.
Sikupiga vigelegele, nimeshapanda 40718,
na zipo mbegu nyingi kuliko usiku nilio nao.
Tena najua kuna ubaya ambao diski ya kweli inaujua
na mimi sijauwaza, siwezi kuufundisha.

Jumamosi nitakwenda kwa Bi Somoe
anionyeshe ule mshono.