Chumba cha Ndani

Diski nimeileta kutoka Malindi
ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti,
gazeti ndani ya mfuko wa chokaa,
maana huku Mkomani mtu akikohoa alfajiri
kabla ya adhuhuri mtaa wa pili washamletea tangawizi.

Barke, binti wa dada yangu, kanifungulia ukurasa
katika kivinjari, kisha kauchomoa waya wa intaneti,
kaushika kwa vidole viwili kama mkia wa panya:
"Tazama, Mjomba. Hakuna kinachotoka.
Picha zasomwa humu humu, zabaki humu humu."
Akanionyesha gurudumu la kuzungusha,
akatoka, akaurudisha mlango taratibu
kama amwachaye mtu anayeswali.

Nikatia komeo.

Nazungusha kidole, naingia mwilini mwangu
kama mgeni aingiavyo nyumba ya kale:
kwanza daka, ngozi, anapoketi kila mpita njia;
kisha tekani, mbavu zikikunja kona
ili wa nje asimwone wa ndani;
halafu kiwanda, pafu la kulia, jeusi, hewa tupu;
msana wa tini, msana wa yuu,
na moyo. Sikujua ni mkubwa hivi.
Umelalia kushoto kama gunia la mchele
lililotuliwa na hamali mwenye haraka.

Miaka thelathini na minane napiga lipu nyumba za watu.
Nimechonga zidaka, nimepepeta chokaa,
nimevuta vumbi jeupe, nimelitema jeupe.
Ukuta naujua kwa kuugonga:
mzima huitika mzito,
mbovu hunong'ona.
Huu wangu sijui niugonge wapi.

Picha ya mia na kumi na mbili: doa.
Jeupe, dogo, kama tone lililorukia fulana.
Mia na kumi na tatu, lanenepa.
Kumi na tano, lina kama ncha.
Kumi na nane, halipo.
Narudi, lipo. Napanda, halipo.
Labda ni kovu. Labda ni mshipa umepita hapo,
nao una haki ya kupita.
Labda ni chokaa kweli, ya nyumba fulani,
na mwenye nyumba hajui kuwa ninayo.
Daktari atazisoma Alhamisi.
Leo Jumatatu, na hata si jioni.

Ndipo akanijia Bi Nuru binti Lali wa Langoni,
ukuta wake wa magharibi, ufa mwembamba nyuma ya kabati.
Nilisimama dakani kwake, watu wakipita na punda wao,
nikasema kwa sauti ya fundi:
"Mama, hii haivuki masika."
Akavuta ukaya usoni. Nikadhani ni jua.
Sikumdanganya; ukuta ulianguka mwezi wa tano.
Lakini ningeingia ndani kwanza.
Ningerudisha mlango.

Nafunga ukurasa. Naufungua tena:
mweupe, mtupu, waniomba faili
kana kwamba hatujawahi kuonana.
Vizuri. Mashine imesahau.
Mia na kumi na mbili, mia na kumi na mbili.

Nyuma ya mlango, kikohozi kidogo cha adabu,
kisicho na ugonjwa: mke wangu, aniarifu yupo.
Sikumwambia Malindi nilifuata nini. Nilisema saruji.

"Umeona?"

Nanyamaza.

"Jana usiku ulikohoa mara thelathini na moja," asema.
"Juzi, thelathini na nne.
Fungua, chai inapoa."