Kiraka cha Kwanza

Kosa lilikuwa neno moja.
Kila jioni, hesabu za marobota zikishafungwa,
mashine ya ofisi ya chama, hapa Urambo,
ilituuliza kwa herufi nyeusi:
Unataka kuokoa kabla ya kutoka?
Na Ngassa wa mizani, mikono inanuka tumbaku,
aliiinulia mashine viganja: "Niokoe, Bwana!"
Tukacheka, nikabonyeza, tukafunga mlango.

Msimu mzima tulicheka.
Siku moja kicheko kikanikwama.
Nani aliliandika? Aambiwe nani?
Nikamtafuta mwenye programu
nikakuta haina mwenyewe.
Ina mlango tu, na mlangoni maneno
niliyoyasoma kamusi ikiwa mapajani:
Aonaye tundu, ashone.

Nikadhani ni kazi ya sindano moja.
Kumbe kushona kunataka nguo nzima uwe nayo nyumbani:
msimbo wote, mafaili kama siafu,
kwa bando la usiku, la bei ya usiku.
Asilimia themanini na saba, umeme ukakatika.
Nilikaa gizani nikilitaja shirika la umeme
pamoja na majina mengine
ambayo siyaandiki hapa.

Usiku wa tatu ulishuka wote.
Usiku wa nne nikaiamuru mashine iunde.
Mistari ikapanda kiooni, feni ikahema,
saa tano, saa saba, saa tisa,
nikamkumbuka baba kwenye bani,
blanketi begani, kipimajoto ukutani,
akilisha moto kuni moja moja,
maana ukizidi jani linaungua
na ukipungua linaoza.
Nilikuwa darasa la tatu, nimembebea uji.
"Bado?"
"Bado."
Nikaiuliza mashine vilevile.
Ikajibu: kosa, mstari wa mia nne na sita.

Kifurushi kimoja nilikuwa nimekisahau.
Nikaanza upya.
Majogoo yanawika, dirisha likafunguka,
dirisha langu, lililoundwa mezani kwangu
juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua,
nikaandika ndani yake: Mwangaluka.
Likakaa. Halikuanguka.

Neno lenyewe lilijificha
mstari wa elfu mbili mia moja kumi na nne.
Nikafuta okoa. Nikaandika hifadhi.
Herufi saba.
Halafu kidole kikaganda juu ya kitufe cha kutuma
mpaka chai ikapoa:
mimi nani, karani wa marobota,
mwenye cheti cha miezi sita?

Siku mbili kimya.
Siku ya tatu akajibu mtu aitwaye Ilze,
asiyejua Kiswahili wala Urambo:
Asante. Kuna nafasi tupu moja mwishoni mwa mstari.
Iondoe, utume tena.

Nafasi tupu!
Nikakodoa macho mpaka yakatoa machozi
nikitafuta kitu ambacho hakipo.
Nikasonya. Nikakipata.
Nikaifuta ile hewa.
Nikatuma tena, bila hewa.

Akaandika imepokelewa, au umepokelewa;
kwa Kiingereza chake neno ni lilelile
na mimi sikuuliza.

Toleo jipya lilifika masoko yakifunguliwa.
Jioni hiyo Ngassa akainama,
viganja tayari kwa Bwana wake,
akasoma: Unataka kuhifadhi kabla ya kutoka?
Akabonyeza ndiyo,
akachukua kofia yake, akatoka.

Hakusema kitu.
Hata kuguna.
Nilibaki na funguo mkononi, nimenuna kidogo,
kama aliyepika, wakala, wakanawa, wakaondoka.

Kisha nikaiwasha tena mashine.
Kwenye jedwali, palipotakiwa visanduku,
kuna mtu, Mungu amsamehe, ameandika
Unganisha mahabusu.

Nikavuta kiti.