Safu Nyekundu

Kioo cha ofisi kilitoka jasho kwa mvuke wa birika.
Dirisha la kompyuta lilikuwa kijivu, tupu,
lenye nafasi mbili tu za kujaza:
Msimbo uko wapi?
Tuujenge wapi?
Maswali ya fundi mwashi kwa mwenye kiwanja.

Nikajaza. Nikabofya Sanidi.
Skrini ikawa nyekundu kama koo la mtoto mgonjwa.

Heldur alistaafu Oktoba.
Aliniachia kiti kinacholia, kikombe chenye ufa,
na programu ya kupima barafu ya ziwa Peipsi,
isiyowahi kujengwa
nje ya kompyuta yake.
Kompyuta ilikufa Jumapili. Leo Jumanne.
Ijumaa gari la posta linataka kuvuka kwenda kisiwani.

Niseme ukweli kuhusu chombo hiki: hakina kiburi.
Ile skrini nyeusi ya amri,
ninayoifungua wageni wakija ili wanistahi,
hukosea kimya, kisha hukumwagia kurasa tatu za matusi.
Hiki huuliza bila haya, safu kwa safu,
kama karani aliyeletewa bahasha zisizo na anwani.
Maktaba ya ramani: haikuonekana.
Haya, iko huku. Sanidi.
Wekundu ukapungua, ukazuka mwingine,
maana kila jibu lilikuwa na mimba.
Picha za setilaiti? Zimo. Sanidi.
Mahali pa kusakinisha:
/nyumba/heldur/mwisho/mwisho_kweli/mwisho_kweli_2
Nikacheka peke yangu.
Nikalifuta jina lake herufi moja moja, likaniuma kidogo,
nikaandika langu, Kärt,
na chombo kikazikataa nukta mbili za juu.
Basi nikawa Kart.

Saa kumi jioni safu zote zilikuwa nyeupe.
Zalisha. Jenga. Nikaipa vipimo vya asubuhi:
sentimita ishirini na sita, barafu safi, bila theluji.
Ikajibu neno moja: FUNGA.

Kitabu cha mkoa kinasema ishirini na mbili zatosha.

Nikarudi dirishani, nikatia tiki
kwenye kisanduku ambacho sikuwahi kukigusa,
Onyesha vya ndani,
zikafumuka safu mia mbili, kama siafu ukipindua jiwe.
Katikati yake: UNENE_WA_CHINI, 31.
Kidole kimeteleza, nikawaza. Mzee macho yalichoka.
Nilikwisha kuifuta ile tatu
kipanya kilipotulia juu ya safu
na kikaratasi cha manjano kikajitokeza:
Usipunguze. Muulize Aino.

Katika orodha ya simu yupo Aino mmoja,
anayefungua mlango wa chini alfajiri na kupiga deki.
Nilimkuta ngazini akikamua tambara.

"Kitabu kilisema ishirini na mbili," akasema kwa ndoo, si kwangu.
"Ilmar wangu alikiamini kitabu.
Alipakia magunia manne ya barua, na keki."

"Keki ya nani?" Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Ya mwalimu wa kule. Alikuwa anatimiza hamsini."
Akachovya tambara tena. "Heldur ndiye aliyekwenda na kamba."

Nikapanda. Nikairudisha tatu mahali pake.
Sanidi. Zalisha. Jenga.
FUNGA, ikasema, na safari hii sikuibishia.
Nikampigia bwana wa posta, akafoka
kwamba barafu ya nyuma ya kwa shemeji yake
inabeba trekta tangu Jumamosi.
Nikamwambia barua hazivundi.
Akakata simu.

Nje giza lilikwisha kuingia, saa kumi na moja hata haijafika.
Kabla ya kuzima nilifungua faili la maelezo,
nikashuka mpaka kikaratasi kile,
na chini ya maneno ya Heldur nikaongeza mawili:
Au Kärt.
Hapo chombo hakikugoma.
Kilizipokea nukta zote mbili.