Kilo Ishirini

Nilipanda ngazi za Nkuhungu, ghorofa ya pili,
juu ya duka la saruji na misumari,
mswada kifuani, kurasa themanini na mbili
nilizoandika usiku wa umeme na usiku wa mshumaa.

Hadithi yenyewe fupi. Mjomba wangu Masinjisa
ana ekari moja na nusu ya zabibu kule Mpunguzi.
Mzani wa mnunuzi unasema kilo arobaini,
mgongo wa mjomba unasema sitini.
Basi. Ndiyo filamu:
mgongo na mzani wanabishana
mpaka zabibu zinaoza.

Bwana Tungaraza akasoma ukurasa wa kwanza,
akalamba kidole, akaruka hadi wa mwisho.
"Nimeipenda," akasema.
(Fundi anayesifu kitambaa upesi hivyo
ameshaona pa kukata.)

"Ila Nyemo, binti yangu, mjomba amezeeka.
Nani atoe elfu tano kutazama mikunjo?
Tumweke Prinsi Gao, ana wafuasi laki nane."
Nikasema Gao hajawahi kushika jembe.
"Atashika simu. Mkulima wa kisasa."

Nikakubali. Kidogo tu, nikajiambia,
kama magadi kwenye mlenda.

Wiki ya pili akaja mdhamini, mtu wa soda,
shati lina nembo mbele, nyuma, na mkononi.
Akauliza kwa upole, kama daktari mwenye sindano:
"Hizi zabibu, haziwezi kuwa machungwa?"
Nikamweleza: machungwa Dodoma huja na lori kutoka Muheza,
yanafika yamechoka kuliko dereva.
"Safi sana. Basi na lori lionekane.
Ni la kwetu."

Halafu bahari.
Mtu wa masoko alikuwa na mchoro wenye mshale unaopanda:
filamu yenye mawimbi inauza.
"Dodoma hatuna bahari, kaka."
"Hombolo si kuna bwawa? Piga kwa chini,
ng'ambo usiionyeshe."
Tukaenda. Gao akakimbia ufukweni bila shati,
mara kumi na moja,
na mara zote kumi na moja nyuma yake mama mmoja anafua.
Tulimwomba asogee. Akasema na yeye ana ratiba.

Mzani ukaondolewa Jumanne.
Mnunuzi wa zabibu, kumbe, ni shemeji wa studio.
"Penye mzani weka mpenzi," akasema Tungaraza,
"na kama jina linakuuma, tumwite Mizani."

Jina la filamu nalo likafuata.
Badala ya *Kilo Ishirini*: *Chungwa la Moyo, Sehemu ya Kwanza*.
"Ya pili iko wapi?"
"Usijali. Bango limeshachapwa."

Nisiseme nililazimishwa.
Nilidaiwa kodi ya miezi mitatu Makole,
kamera ya kukodi, betri ya kuazima.
Kalamu ilikuwa yao. Mkono ulikuwa wangu.

Usiku wa uzinduzi mgeni rasmi alichelewa saa tatu.
Mjomba aliwahi. Koti la harusi ya dada,
ndoo ya zabibu mapajani, safu ya mbele kabisa.
Akamtazama Gao akifa kabla ya tangazo la soda,
akamtazama akifa tena baada ya tangazo,
akanigeukia mara moja, hakusema kitu,
akala zabibu.

Kisha, sekunde nne.
Mhariri alisinzia, sijui, hakuzikata:
punda wa Mpunguzi, matenga mawili mgongoni,
anasimama katikati ya njia, vumbi linampita,
anaitazama kamera
na anakataa kuendelea.

Mjomba akaruka kama aliyeumwa na siafu.
"Sitini ile! Sitini! Tazameni magoti yake!"
Wa nyuma akasema hamsini na tano. Mama wa karanga akasema sabini.
Ukumbi mzima ukawa unapima,
Prinsi Gao anakumbatiwa na Mizani peke yao ukutani,
hakuna anayewaona.

Tungaraza akaniinamia sikioni,
jasho linamtoka, daftari tayari mkononi:
"Huyu punda,
ana wafuasi wangapi?"