Ng'ombe wa Hekalu la Évora

Jumanne ya pili ya mwezi, sokoni,
Bwana Arlindo hufungua sanduku la viatu
lililojaa kadi za posta: tano kwa yuro mbili,
na ukimkazia macho huongeza ya sita.

Mimi huchagua zile za hekalu.
Nguzo kumi na nne, anga rangi ya chai ya maziwa,
hakuna mtu, hakuna hata mbwa.
Wapiga picha wa kale walifagia watu kama makombo.

Nyumbani navaa miwani juu ya miwani,
nachovya brashi yenye nywele tatu,
nashusha pumzi, naanza na kwato.

"Kwa nini ng'ombe?" huuliza Graciete, jirani yangu.
Kwa sababu miungu ilipohama, wachinjaji walipanga.
Hekalu lilikuwa bucha, Graciete, muulize yeyote.
Basi nawarudisha:
huyu ana kofia ya ukili, analamba aiskrimu,
yule anapima nguzo kwa utepe wa fundi cherehani,
ndama amepanda juu kabisa
na hataki kushuka.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa dirishani posta
nikigonga mihuri, pa, pa, pa,
salamu za watu zikinipita mikononi.
Sikusoma hata moja.
Haya, nilisoma. Chache.

Upande wa nyuma siupaki rangi.
Una mwenyewe.

Ila juzi nimepata hii, wino umekuwa kahawia:
"Deolinda, nakuja Agosti. Nisubiri nguzo ya tatu.
Nitabeba sanduku la kijani, usinicheke."
Stempu ipo. Muhuri hakuna.
Nikaigeuza, nikaigeuza tena.

Nikamchora bata bukini mwenye koti la mvua, jua likiwaka,
sanduku la kijani, shingo ndefu
kama anayetafuta namba ya nyumba.
Nikamweka nguzo ya tatu kutoka kushoto.
Kisha brashi ikasimama.
Mjinga we, hukusema kutoka upande gani!

Kwa hiyo kulia nako, nguzo ya tatu,
kuna kuku mwenye mkoba, amempa kisogo.
Ndama yuko juu, anawaona wote wawili,
mdomo wazi.

Kesho naipeleka posta.
Kijana mpya wa dirishani atasema
anwani hii haipo siku hizi.
Nitamwambia, gonga tu, mwanangu.
Lakini taratibu:
upande wa pili kuna ndama.